Gego la juu, mfereji haukauki: kuosha kwa hipokloriti bila mashine

Dkt_Wilayani
Wakuu, habari za kazi. Nina kesi ya matibabu ya mfereji wa mzizi: gego la kwanza la juu kulia, kiini kimekufa, eksirei inaonyesha kivuli kwenye ncha ya mzizi. Mifereji mitatu imepatikana na kupanuliwa kwa faili za mkono (vyuma vyembamba vya kukwangua mfereji) hadi namba 25. Tunaosha kwa jiki (ndiyo hipokloriti yetu) nusu kwa nusu na maji, tunamalizia na klorheksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Hili ni hudhurio la tatu na karatasi za kukaushia bado zinatoka na majimaji yenye harufu. Mashine ya altrasoniki, ya kutikisa dawa mferejini, hatuna, na mgonjwa hataki kung'oa. Tumekosea wapi?

Mzizi_na_Kiini
Anza na hiyo namba 25. Sindano ya geji 30 ina unene wa takriban milimita 0.3, na mfereji wa namba 25 nchani una 0.25. Sindano inakwama juu, na dawa ikitokea kwenye tundu la ubavuni inasogea mbele kama milimita 1 tu. Yaani sehemu ya mwisho kabisa ya nchani, penye bakteria wenyewe, haioshwi vizuri, ungemwaga lita nzima. Fikisha 35 kwenye mifereji ya upande wa shavu kama mpindo unaruhusu (30 ikiwa umepinda sana, kwa faili laini za nikeli na titani), na wa kaakaani 40 au zaidi.

Halafu kuosha kwenyewe. Weka raba ya kutenga jino na mate. Bila hiyo usiguse hipokloriti. Sindano iwe na tundu ubavuni na ncha iliyozibwa. Kama urefu wa kazi (kutoka juu ya jino hadi mwisho wa kupanua karibu na ncha ya mzizi) ni milimita 20, kizuizi cha mpira kikae 18. Sindano icheze juu na chini muda wote. Ikibana, irudishe nyuma kabla ya kusukuma. Sukuma kwa kidole cha shahada, si cha gumba, maana gumba lina nguvu kuliko unavyodhani. Mililita 2 baada ya kila faili, na chumba cha kiini kibaki kimejaa dawa muda wote wa kupanua. Ukishamaliza kupanua ndipo uoshaji unaanza kweli, na hapo watu wengi ndipo wanapokunja vitendea kazi.

Mbadala wa altrasoniki unao mezani: koni ya gataperka, ile ya kujazia mfereji. Chagua inayokaa sawasawa mferejini, ikate ifike milimita 1 kabla ya urefu wa kazi, jaza hipokloriti, kisha ipandishe na kuishusha milimita 2 hadi 3, kama mara 100 kwa dakika. Badilisha dawa, rudia mara tatu. Kazi yake ni kuvunja kiputo cha hewa kilichonaswa nchani, ambacho sindano pekee haikitoi. Baada ya hapo EDTA (dawa ya kuyeyusha madini) asilimia 17 kwa dakika 1, iondoe vumbi la dentini, yaani ukuta mgumu wa jino, lililoziba vitundu vya ukutani. Usiiache dakika kumi ukidhani unaongeza nguvu, inalainisha dentini. Malizia na hipokloriti mpya, isizidi dakika moja.

Gego36
Hiyo klorheksidini iache. Haiyeyushi nyama iliyokufa hata kidogo, na ikikutana na hipokloriti inatoa mashapo ya rangi ya kahawia yanayoziba vitundu ulivyotoka kuvifungua. Ikikutana na EDTA inatoa meupe. Ukiona lazima uitumie, osha kwanza kwa maji ya chumvi na ukaushe mfereji kwa karatasi.

Dkt_Wilayani
Asante. Na hiyo nusu kwa nusu ya jiki?

Mzizi_na_Kiini
Nusu kwa nusu ya nini? Soma lebo. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, nusu kwa nusu ni 1.75. Inaua, lakini kuyeyusha tishu inakwenda taratibu, kwa hiyo iongezee muda na ujazo. Ukitaka 2.5, changanya sehemu 5 za jiki na 2 za maji. Chukua isiyo na manukato wala uzito wa jeli, changanya ya siku hiyohiyo, hifadhi kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Ya chupa iliyokaa wazi dirishani klorini imeshakwenda zake.

Kaakaa_Laini
Niongeze la usalama. Bomba la hipokloriti liwekewe utepe wa rangi na lisikae trei moja na bomba la ganzi. Yote mawili yana kimiminika cheupe kama maji. Hipokloriti ikivuka ncha ya mzizi, mgonjwa anaruka kwa maumivu hata akiwa na ganzi, shavu linavimba papo hapo, damu inajaa mferejini. Simama, acha damu itoke, osha taratibu kwa maji ya chumvi bila kusukuma, mpe dawa ya maumivu, barafu siku ya kwanza na kitambaa cha uvuguvugu kuanzia ya pili. Kumeza au kupumua kukiwa kwa shida, hospitali mara moja.

Sasa nirudi kwenye kesi. Gego la kwanza la juu lenye mifereji mitatu tu lazima ulitilie shaka. Mzizi wa mbele upande wa shavu mara nyingi una mfereji wa pili. Utafute kama milimita 2 kutoka wa kwanza kuelekea kaakaani, mbele kidogo ya mstari unaounganisha huo wa kwanza na mfereji wa kaakaani. Huwa umefunikwa na ukingo wa dentini. Ukwangue pole pole, kisha jaribu faili namba 8 au 10. Ukiwepo na ukaukosa, majimaji huenda yasiishe. Antibayotiki haitasaidia pia, kiini kilichokufa hakina damu ya kuifikisha dawa.

Ukishaosha vizuri, jaza kalsiamu haidroksaidi, dawa ya kukaa mferejini kati ya mahudhurio, iliyokorogwa na maji ya chumvi iwe nzito kama uji wa mtoto, iache siku 7 hadi 14. Juu yake pamba iwe punje tu. Pamba ikijaa chumba kizima, ziba ya muda inabaki ganda, mate yanaingia ndani ya siku chache na kazi yote inaharibika. Ziba iwe na kina cha milimita 4, ipime kwa probu kabla ya kuiweka.

Dkt_Wilayani
Picha zote zilipigwa moja kwa moja kutoka shavuni. Kesho tunarudia kwa kusogeza kichwa cha eksirei nyuzi 20, kisha tutafute huo wa nne.