Wenye mbwa kwenye minara ya moto: FUNGENI KAMBA! Uvumilivu umenishinda

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaki kuzificha. Nimesema kwa upole tukiwa kwenye gari, nimesema kwa upole kwenye grupu la WhatsApp, nikajibiwa kwa vikatuni vya kucheka. Leo nasema hadharani.

Sisi Waswahili wa Utica, jimbo la New York, na miji ya jirani tumejenga mazoea mazuri ya kupanda pamoja milima yenye minara ya moto, yaani ile ya zamani ya kuangalizia moto wa misitu, hasa mnara wa Rondaxe ulio juu ya Bald Mountain, karibu na Old Forge. Ule ni mlima wa kila mtu. Njia ni kama maili moja tu kwenda, watoto wanapanda, wazee wanapanda, na ukishatoka msituni unatembea juu ya mwamba mtupu huku maziwa ya Fulton Chain yametandaa kule chini. Mimi mwenyewe nina mbwa na huwa naenda naye, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nachukia mbwa. Simtaki mwenye mbwa anayemwachia ovyo, basi.

Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja alikuja na mbwa mkubwa, jibwa la kilo arobaini hivi. Kamba alikuwa nayo, ila ameizungusha kiunoni mwake mwenyewe, mbwa yuko huru mbele anawarukia watoto wa watu. Kila mtu akipiga kelele, jibu ni lile lile: "Hana neno huyo, anataka kucheza tu." Mtoto wa miaka mitano aliyeangushwa chali kwenye mwamba atajuaje kwamba anachezewa?

Tukafika mnarani. Ngazi za minara hii ni nyembamba, za kupishana kwa ubavu, na kati ya kipandio na kipandio kuna uwazi, unaona mpaka chini. Jamaa akapanda, mbwa akamfuata. Kwenye kona ya pili mbwa akatazama chini akaganda. Miguu yote minne ameitanua, kucha zinakwaruza ubao, mwili mzima unatetemeka, mkojo unamtoka na kuchuruzika hadi kwa waliokuwa chini yake. Juu kuna mama na watoto wake wanataka kushuka, chini kuna foleni inataka kupanda, na upepo unapiga. Mwenye mbwa yuko juu kabisa ameinua simu anarekodi, anaita "njoo, njoo, njoo". Mimi na kijana mwingine ndio tuliomshusha yule mnyama kinyumenyume, mmoja kamshika kifua, mwingine kiuno. Ukucha mmoja ulikuwa umeng'oka. Aliacha matone ya damu mpaka kwenye maegesho.

Na hapo bado. Kabla ya hayo ya ngazini, rafiki yetu mmoja Mwislamu alikuwa amejitenga pembeni, katandika msala wake, anaswali adhuhuri. Mbwa akaenda moja kwa moja, akampitishia ulimi usoni na kwenye nguo, akasimama juu ya msala na miguu yake yenye tope. Wenzetu wa pwani mnaelewa bila kuelezwa. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, palipoguswa na mate ya mbwa panaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na mtu yuko kileleni na chupa moja ya maji ya kunywa. Alikatisha swala, akakunja msala, akashuka peke yake bila kusema neno na mtu. Huyu ndiye aliyetufundisha wengi wetu njia za kule! Mpaka leo hajaombwa radhi.

Nimeambiwa nimesahau niko nchi gani, eti Marekani mbwa ni mtu wa familia. Sawa. Mtu wa familia unampandisha mwamba wa jua kali bila maji? Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anapoa hasa kwa kuhema. Akianza kuhema ulimi nje, mate yamekuwa mazito, anayumba, huyo anakufa. Yule wa Jumamosi alikunywa maji ya dimbwi kwa sababu bosi wake alibeba chupa moja, akainywa yeye. Nungunungu nao wamejaa misitu ile, na miiba yao ina ncha za kunasia kama ndoana, ikishaingia puani inazidi kuzama, na bili ya daktari wa mifugo mnaijua. Kupe ndio usiseme. Na hao Wamarekani mnaowasingizia wana sheria zao: kule High Peaks, eneo la vilele virefu vya milima ya Adirondack, upande wa mashariki, mbwa hatembei njiani bila kamba.

Jambo jingine linaloniudhi ni kutojua thamani ya mahali. Mnara ule haukujengwa tupigie picha. Mwaka 1903 na tena 1908 moto uliteketeza sehemu kubwa ya misitu ya Adirondack: ukame, matawi makavu yaliyoachwa na wakata magogo, cheche za treni za makaa ya mawe. Kuanzia 1909 jimbo la New York likaanza kuweka watu vileleni, na kibanda cha juu kilitengenezwa kimtoshe mwangalizi mmoja, meza yake ya ramani na simu. Ndege zilipochukua kazi hiyo minara ikafungwa mmoja mmoja, ya mwisho baada ya msimu wa 1990, na mingi ingeshakuwa vyuma chakavu kama si watu wa kujitolea waliopandisha mbao na misumari kwa mgongo. Hao hao ndio wanaookota vifuko vya kinyesi mnavyotundika kwenye matawi mkisema "nitachukua nikirudi". Hakuna anayechukua. Jumamosi nilivikuta vinaning'inia hadi karibu na mwanzo wa njia.

Sasa safari ijayo ni Overlook, mlima mwingine wenye mnara, kule Woodstock. Ni njia ya zamani ya magari, inapanda karibu maili mbili na nusu bila kupumzika, na kwenye miamba ya juu wapo nyoka wale wenye njuga mkiani. Kibao cha onyo kipo. Mbwa aliyeachiwa anaingiza pua kwenye mwanya wa jiwe, basi tena.

Kwa hiyo nasema mapema, asije mtu kununa asubuhi ya safari. Gari langu lina nafasi ya mbwa wawili. Anayetaka nafasi aandike hapa chini kwamba ana kamba, maji ya mbwa na bakuli, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na mkoba wa kubebea kinyesi mpaka nyumbani. Mnarani mbwa anabaki chini na mtu anayemshika, tunapokezana. Na mwenzetu wa Jumamosi, kabla hujaniomba nafasi, mpigie simu yule ndugu uliyemharibia swala.