Nyie mnaosema tuweke mwani wa Zanzibar badala ya kombu (mwani wa Kijapani wa kutengenezea mchuzi), hiyo supu mmeshawahi kuinywa?

Wakuu nivumilieni leo nina hasira. Jumamosi nilialika watu home nikaahidi supu ya miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa ya Kijapani), miso yenyewe kakopo kadogo shemeji kaniletea kutoka Dubai nakatunza kwenye friji kama dawa. Kombu sina, Dar nimezunguka weee sijaipata, kuingia mtandaoni kila mtu "tumia mwani wa Zanzibar, ni kile kile". Nikaagiza kwa boti, nikaloweka, nikachemsha, aisee! Supu ina ute kama mlenda, kupoa ikaganda, mtoto ananiuliza baba hii jeli?

Huu uongo kaanzisha nani? Kombu inaota kwenye maji ya baridi kule Hokkaido, na kazi yake ni kutoa ule utamu wa mchuzi unaobaki mdomoni, Profesa Ikeda, mkemia wa Kijapani, aligundua 1908 kwamba ni glutameti, 1909 Ajinomoto, kiungo cha glutameti hiyo, ikaanza kuuzwa. Mwani wetu wa Paje kule Zanzibar unalimwa kwa ajili ya karajinani, kigandishio cha viwandani! Eti vyote vya baharini, hata pweza si wa baharini?

Kinachoniuma zaidi jibu lilikuwepo Kariakoo siku zote. Dagaa! Wajapani wenyewe wanatengeneza supu ya visamaki vilivyochemshwa vikakaushwa, wanaviita niboshi, tena wala siyo mbadala, ni mapishi yao kabisa. Jana nimejaribu na dagaa wa baharini, gramu 30 kwa lita moja ya maji, unatoa vichwa na yale matumbo meusi la sivyo inakuwa chungu, unaloweka usiku kucha, asubuhi unachemsha taratibu dakika kumi, unachuja. Miso unakoroga ukishazima jiko. Mke wangu kanywa bakuli mbili, na huyu ndo wa kwanza kunicheka Jumamosi.

Na asije mtu hapa na siki badala ya mirin, ile pombe ya mchele ya Kijapani ya kupikia. Mirin ni tamu, ile halisi ina pombe kama asilimia 14, uchachu haina hata chembe, sie tusiogusa pombe sukari na maji kidogo yanatutosha. Watu wa siki mliniharibia kuku wa teriyaki Ramadhani na sijawasamehe bado.

Yule wa mwani ajitokeze basi, zimebaki kilo mbili, aje achukue.