Walimu wa kiume wa sekondari ya juu: mbona Kenya inatuzidi mbali hivi?

Mkokotozi
Wakuu, naomba msaada. Nina kazi ya chuo. Nimeshusha takwimu za Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, kipengele cha walimu wa kiume wa sekondari ya juu, nikaziweka Tanzania na Kenya kwenye chati moja. Nguzo ya Kenya imepaa, ya kwetu imebaki kisiki. Na sisi sensa ya 2022 tulikuwa milioni 61.7, wao 2019 walikuwa milioni 47.6! Niandike kwamba wanaume wa Tanzania wanaukimbia ualimu? Rasimu inatakiwa Ijumaa.

Ticha_Fizikia
Usithubutu. Kwenye jedwali hilo, sekondari ya juu ya Tanzania ni kidato cha tano na sita, basi. Ya Kenya, kwa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo), ni kidato cha kwanza hadi cha nne, maana darasa lao la saba na la nane UNESCO waliyahesabu kuwa sekondari ya chini. Umeweka walimu wa miaka miwili kando ya walimu wa miaka minne, tena miwili yetu ndiyo ile ambayo wanafunzi wengi hawaifikii.

Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao unaowatafuta. Nafundisha shule ya bweni huku kaskazini. Asubuhi niko na kidato cha pili, nachora saketi ya betri na balbu; baada ya chai niko na PCM (fizikia, kemia na hesabu) wa kidato cha sita. Nihesabiwe ngazi ipi? Mtu ni mmoja, mshahara ni mmoja. Ndiyo maana namba ya walimu wa advansi peke yao huwa siiamini sana, hata ikitoka Montreal, makao ya hiyo taasisi ya UNESCO.

Mwalimu wa Kajiado
Ticha amesema ukweli. Hata sisi Kenya tulikuwa na kidato cha tano na sita, wa mwisho wakafanya mtihani 1989. Na chunga miaka unayochagua. Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza kama sekondari ya chini ya mtaala mpya, na Januari 2026 imeingia Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu ya miaka mitatu. Ukiunganisha mstari mmoja kupitia hapo, utakuwa unapima mtaala, si walimu.

Halafu orodha ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya, haina walimu wa BOM, wale wanaoajiriwa na bodi ya shule yenyewe. Shuleni kwetu wengi ni vijana wa kiume waliomaliza chuo, wanangoja TSC iwaite. Wanafundisha kila siku, na kwenye hesabu ya TSC hawamo.

Mkokotozi
Duh. Shikamoo mwalimu Ticha. Sasa nilinganishe nini?

Ticha_Fizikia
Marahaba. Chukua kidato cha kwanza hadi cha nne pande zote, miaka ya kabla ya 2023. Kwa Kenya utaikuta safu ya juu, kwetu safu ya chini, usishangae. Kisha achana na idadi, tafuta katika kila walimu mia wanaume ni wangapi. Ukitumia vitabu vya BEST, yaani takwimu za elimu za TAMISEMI, kumbuka ni Bara tu, Zanzibar ina wizara yake.

Utakuta wanaume ndio wengi, huku na kule. Hapo ndipo pa kuchimba. Ofisini kwetu meza ya fizikia na hesabu sasa hivi ni wanaume watupu. Walipangwa madada wawili, wazuri kweli darasani, wote wakaondoka kwa uhamisho wa kumfuata mwenza. Sijaona mwanaume akiomba uhamisho huo hapa kwetu, ingawa kanuni haimkatazi. Kwa hiyo kabla hujavuka mpaka wa Namanga kwenda Kenya kutafuta tofauti, tenganisha kwanza shule za mjini na za vijijini ndani ya Tanzania yenyewe. Naona tofauti kubwa zaidi iko hapo.