Kikundi cha familia: matairi ya pikapu kabla ya mvua

Kaka Dereva: Habari za jioni familia. Nimepata matairi manne ya pikapu kwa muuzaji mmoja hapa mjini Nakuru. Yametumika kidogo, saizi ni yetu kabisa, 245/70R16. Meno ni marefu, mtaona kwenye picha. Anauza elfu sita kila moja, nikichukua yote manne anafunga bure. Mvua ya Machi iko mlangoni na yetu ya nyuma yamebaki vipara. Niyachukue?

Kaka Dereva: 📷 📷 📷

Mama: Mungu ni mwema. Juzi mvua ya usiku mmoja tu ilituchelewesha, maziwa yakafika yameanza kuharibika. Mvua yenyewe ikianza tutafanyaje?

Anti Elburgon: Bei ni nzuri sana hiyo. Chukua kabla mwingine hajachukua.

Anko Fundi: Usilipe bado. Nipigie picha ya ubavu wa tairi kwa karibu, maandishi yote yasomeke.

Dada Montreal: Hata mimi nasema ngoja. Hiyo picha ya pili nimeivuta karibu. Kuna alama ya mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Hayo ni matairi ya majira ya baridi. Ndiyo niliyofunga kwenye gari langu sasa hivi. Huku Quebec, Kanada, ni sheria, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi lazima uwe nayo.

Kaka Dereva: Sasa si ni afadhali zaidi? Kama yanashika kwenye barafu, yatashindwa na matope ya huko kwetu shambani, Mau Narok?

Dada Montreal: Matope nitamwachia Anko. Lakini theluji ikiisha huku tunayatoa yote na kurudisha ya kawaida. Mpira wake umetengenezwa laini makusudi. Tairi ya kawaida ikipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 7 huanza kuwa ngumu na kupoteza mshiko, hii hubaki laini. Ukiendesha nayo kwenye joto inalika haraka, na ukikanyaga breki gari linachelewa kusimama.

Baba: Hata huku kwetu kuna baridi. Asubuhi ya Julai vidole havifungi kifungo cha shati.

Anko Fundi: Kweli Mzee, mko juu ya mita 2,500, baridi ya alfajiri naijua. Lakini hiyo baridi ni ya saa chache. Saa nne jua limetoka, na pikapu iko Njoro ikiteremka kuja Nakuru na mzigo. Mchana wa Nakuru unafika nyuzi 25, na lami iliyopigwa na jua ni moto kuliko hewa. Tairi laini, chini ya viazi, kwenye mteremko, kwenye lami ya moto. Hapo ndipo ninapoogopa.

Kaka Dereva: 📷

Anko Fundi: Asante, hiyo inasomeka. Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Naona 3818. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2018. Mpira uliokaa miaka yote hiyo umeshakauka, ule ulaini anaousema dada yako haupo tena. Meno marefu yanakuonyesha tu kwamba halijatembea sana, umri hayakuonyeshi. Angalia pia kati ya meno na kwenye ubavu kama kuna nyufa ndogondogo.

Anko Fundi: Halafu baada ya saizi imeandikwa 107Q. Hiyo Q ni mwendo, mwisho kilomita 160 kwa saa, haitusumbui. Hiyo 107 ndiyo ya kuangalia. Ni alama ya uzito ambao tairi moja linabeba likiwa na upepo wake kamili, kilo 975. Unapakia magunia mangapi siku ya soko?

Kaka Dereva: Ya kilo 50, huwa kumi na nane. Wakati mwingine ishirini.

Anko Fundi: Ishirini ni tani nzima, na karibu yote inalalia matairi mawili ya nyuma, juu ya uzito wa gari lenyewe. Ukitumbukia kwenye shimo na mzigo huo, tairi linapigwa zaidi ya hapo. Saizi hiyohiyo ipo yenye herufi LT mbele, yaani ya gari dogo la mizigo, plai kumi (hicho ni kiwango cha uimara wake), imeandikwa 118. Hiyo ni kilo 1,320 kwa tairi moja. Ubavu wake ni mgumu, mawe ya njia ya shambani hayaukati ovyo.

Anti Elburgon: Na hayo matope sasa? Maana shida yetu ni kutoka shambani hadi kwenye lami. Udongo ukilowa unateleza kama sabuni.

Anko Fundi: Nakuja hapo Anti, na ndipo watu wengi wanapodanganyika na macho. Tairi la theluji lina vijikato vyembamba vingi kwenye kila jino. Theluji ikiingia mle inashindiliwa, na theluji hushikana na theluji, kwa hiyo kujaa kwake ni msaada. Matope hayafanyi hivyo. Yakijaa yanabaki, tairi linakuwa duara la udongo, unazunguka papo hapo. Kwa matope unataka meno makubwa yenye nafasi pana katikati, tairi likizunguka liyarushe nje.

Kaka Dereva: Basi nitafute yale ya matope kabisa, kama ya magari ya mashindano.

Anko Fundi: Hapana. Piga hesabu ya safari. Matope yako ni kipande kifupi, baada ya hapo ni lami hadi Nakuru. Yale ya matope kabisa yanapiga kelele, yanaisha haraka kwenye lami, na lami ikilowa breki zake ni dhaifu. Kumbuka ule ukungu wa kuteremka Njoro, na malori ukiingia barabara kuu. Mimi ningekufungia ya kati, ya lami na udongo. Yanaandikwa A/T.

Mama: Haya yote manne ni pesa ngapi? Viazi bado viko ardhini.

Anko Fundi: Mama, tuanze na mawili mapya, yafungwe nyuma. Pikapu yetu inavutwa na magurudumu ya nyuma, na mzigo uko nyuma. Tena hata kwenye lami, nyuma ikiteleza kabla ya mbele gari linageuka na kukutupa. Ya mbele nimeyapima wiki iliyopita, meno bado yako juu ya ile alama ya kuisha, milimita 1.6, yatafika mavuno. Ingekuwa ya kuvutwa na magurudumu yote manne ningekataa kuchanganya.

Baba: Na cheni? Zamani tulikuwa tunafunga cheni tunapanda mpaka juu.

Anko Fundi: Cheni iwekwe nyuma ya kiti, Mzee, inaokoa. Afunge kwenye matope tu, akifika lami afungue. Na wewe dereva, ile tabia ya vijana ya kupunguza upepo ili gari lipite, ni kwa gari tupu na mwendo wa pole. Ukiwa na magunia usiguse upepo, utaua tairi jipya siku ya kwanza.

Dada Montreal: Mimi nitatuma ya tairi moja. Mwambie tu muuzaji hapana, hata akishuka hadi elfu nne.

Kaka Dereva: Nimemwambia. Amesema sawa, kuna mtu mwenye gari dogo la Probox anayataka.

Anko Fundi: Saizi hiyo haiingii Probox, na hata ingeingia, mwonyeshe huyo mtu ile 3818 kabla hajalipa.

Mama: Basi la pili nitaliongezea kwa pesa ya maziwa mwisho wa mwezi huu. Anko, ukipata mapya soma tarehe kwanza ndipo utuambie bei.

Anko Fundi: Sawa Mama. Yakizidi mwaka mmoja dukani siyachukui. Kaka, Jumamosi njoo na pikapu tupu, na ushushe spea tuione. Sijaiangalia tangu mliponunua gari.