Naomba ushauri: nikirusha mipira mitatu mwili wote unayumba

Kijana wa Tanga: Habari za jioni, wakuu. Ninajifunza kurusha mipira hewani na kuidaka kwa mikono miwili, kama wafanyavyo wanasarakasi, na huu ni mwezi wa pili. Mitatu naimudu na mitano naifanyia mazoezi, lakini mabega hupanda, kichwa hufuata kila mpira, na nikimaliza hujikuta hatua tatu mbele ya nilipoanzia. Wazoefu husimama wametulia kama nguzo. Baada ya wiki tatu nitaonyesha mchezo huu harusini, na usiku mabega huniuma. Nifanyeje ili mwili utulie?

Mama Saumu: Mwanangu, nilipofundishwa kubeba ndoo ya maji nilikaza shingo na mgongo, na maji yakanilowesha hadi miguuni. Marehemu mama alitembea huku kiuno kikicheza na maji hayatikisiki, kwa ngata ileile niliyoitumia mimi. Usikimbilie harusi za watu kabla hujaiva.

Msomaji wa Usiku: Wengi hawajui faida ya mchezo huu kwa ubongo. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwapima watu waliojifunza mipira mitatu kwa miezi mitatu, wakaona sehemu ya ubongo inayotambua mwendo wa vitu imeongezeka. Walipoacha mazoezi, ongezeko hilo likapungua. Kwa hiyo usiache.

Mzee wa Jukwaa: Ndugu yetu ameuliza habari za mwili, tumjibu hilo. Anayeanza huyumba kwa sababu kila mrusho wake ni tofauti: mmoja umekwenda mbele, mwingine umepita juu mno, basi mwili hulazimika kuifuata mipira. Mzoefu hurusha mahali pamoja kila mara, kwa hiyo hana cha kufukuza, na macho yake hutua karibu na kilele, pale mpira unapogeuka kushuka. Lakini maumivu ya mabega yananitia shaka. Umefanya nini hadi sasa kuuzuia mwili?

Kijana wa Tanga: Sikutaka kulisema hili. Wiki mbili sasa nimekuwa nikifunga viwiko kiunoni kwa kipande cha kanga. Naona ni njia sahihi, maana mikono imetulia kabisa, na kwa kuwa malipo ya awali nimekwisha kupokea, siwezi kubadilisha njia sasa.

Mzee wa Jukwaa: Kumbe! Mwanasayansi Mrusi Nikolai Bernstein alieleza kwamba anayejifunza tendo jipya hukaza viungo vyake ili asiwe na mambo mengi ya kuyaongoza kwa wakati mmoja, na ujuzi unapokua huvilegeza kimoja baada ya kingine. Wewe umekaza kwa kitambaa kile ambacho mazoezi yangekilegeza. Kiwiko kikifungwa, nguvu ya kurusha hutafutwa begani na mgongoni, na ndiyo maana unaumwa. Utulivu wa mzoefu huzaliwa na mrusho sahihi. Wala yeye si nguzo, kwani ukimtazama kwa karibu utaona kiwiliwili kinapepea kidogo kwa mapigo ya mikono.

Kipimajoto: Mimi siamini habari hii. Mipira mitano huwachukua watu wengi miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na huyu ana mwezi wa pili huku viwiko vimefungwa. Kama hukutunga, tueleze mpira wa tano huangukia wapi.

Kijana wa Tanga: Sikutunga. Mara nyingi haufiki hata kuanguka peke yake: hugongana na wa nne mbele ya paji la uso, mmoja ukaenda chini ya kitanda na mwingine ukanipiga mdomoni. Nikihesabu kwa haki, mitano nimewahi kudaka mara saba tu. Nilikuwa nimeahidi mitano harusini, nikaona haya kusema. Alama ya kanga bado ni nyekundu juu ya viwiko.

Kipimajoto: Hiyo ya kugongana haisemi mtu ambaye hajaishika. Nimekubali, na naomba radhi.

Mzee wa Jukwaa: Basi fungua kanga leo. Mpira uliorushwa mita moja juu ya mkono hukaa hewani kama sekunde 0.9, ukitaka muda huo mara mbili lazima uurushe mita nne, na kosa dogo la kiganja hukua kadiri mpira unavyopanda. Mitano hudai mirusho ya juu zaidi, na wiki tatu zilizobaki hazikutoshi kuizoea. Simama ukitazama ukuta, hatua moja tu, ili mrusho wa kwenda mbele ugonge na ujulikane papo hapo. Anza na mpira mmoja, kutoka mkono hadi mkono, kilele usawa wa macho, kisha miwili, kisha mitatu. Wenye harusi waambie mapema kwamba ni mitatu.

Kijana wa Tanga: Nimefungua, nimejaribu ukutani kwa nusu saa. Mpira wa mkono wa kulia hugonga ukuta karibu kila mara, wa kushoto haugongi kabisa. Sikuwahi kujua kwamba tatizo ni mkono mmoja. Bwana harusi nitampigia kesho asubuhi, ingawa bado natamani kumwomba anipe nafasi ya kujaribu mitano mwishoni.

Mama Saumu: Mpigie leo, mwanangu.