Uniti moja ya umeme: gesi asilia inapunguza hewa ukaa kwa nusu kweli?

Mpiga_Hesabu: Wakuu, kila mahali inaandikwa kwamba gesi inatoa nusu ya kaboni dayoksaidi ya makaa ya mawe. Nusu hiyo inatokana na joto la mafuta (makaa au gesi inayochomwa) au umeme unaofuliwa? Nataka kulinganisha vituo vya gesi vya Kinyerezi I na II, Dar es Salaam, na kile kituo cha makaa cha megawati 1,050 kilichokusudiwa Lamu, Kenya.

Fundi_Turbaini: Mkuu, anza na mafuta. Kwa vigezo vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, makaa ya bituminasi hutoa kilo 94.6 za hewa ukaa kwa gigajuli ya joto na gesi asilia kilo 56.1. Hiyo ni asilimia 59, si nusu. Kinachoamua ni ufanisi wa mtambo, yaani sehemu ya joto inayogeuka umeme. Uniti 1 (kilowati-saa) ni megajuli 3.6: gawa kwa ufanisi, kisha zidisha kwa kigezo, upate gramu za hewa ukaa kwa uniti.

Makaa, boila ya kawaida, 36%: gramu 946
Makaa, boila ya kisasa ya shinikizo kubwa, 44%: gramu 774
Gesi, turbaini ya gesi peke yake, 36%: gramu 561
Gesi, pamoja na turbaini ya mvuke, 55%: gramu 367

Kinyerezi I ilijengwa kwa turbaini za gesi tupu. Moshi wake wa moto unapotea hewani. Kinyerezi II, megawati 240, inautumia moshi huo kuchemsha maji, na mvuke unazungusha turbaini nyingine bila kuongeza gesi. Ukilinganisha gramu 561 na 774, ile "nusu" haipo tena.

Boila_Namba3: Angalia ufanisi umepimwaje. Vigezo hivyo havihesabu joto lililomo kwenye mvuke wa maji unaotoka na moshi. Wamarekani hulihesabu. Ukichanganya ufanisi wa Kimarekani na vigezo vya IPCC, gesi itaonekana mbaya kwa takriban 10%, makaa kwa 5% tu, kwa hiyo kosa halijifuti. Halafu tumia uniti zilizoingia gridi, si zilizosomwa kwenye jenereta: vinu vya kusagia makaa, feni na pampu hula umeme mwingi kuliko mahitaji ya ndani ya kituo cha gesi.

Mpiga_Hesabu: Na gesi inayovuja njiani?

Fundi_Turbaini: Hapo ndipo panauma. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani; kwa ufanisi wa 55%, uniti 1 inakula takriban gramu 130 zake. Tuseme 3% imevuja: gramu 4. Kwa miaka 100 methani huhesabiwa takriban mara 30 ya hewa ukaa, yaani gramu 120 za ziada. Kwa miaka 20 ni zaidi ya mara 80, na nyongeza inapita gramu 300. Migodi ya makaa nayo hutoa methani, usiisahau. Lamu ibaki hesabu ya karatasi tu, leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019.