Kompyuta mpya inamaliza bando kabla hatujaitumia

Mama Wawili, Morogoro: Habari zenu wakuu. Tumenunua kompyuta ya mezani kwa ajili ya watoto, mkubwa yuko kidato cha pili. Muuzaji alituapia ni kuchomeka na kutumia. Kufika nyumbani, inadai intaneti ndipo iendelee. Nimewasha hotspoti ya simu, nikaunga bando la GB 5. Mara akaunti, mara nywila, kisha ikaanza kupakua masasisho. Asilimia 61, bando kwisha! Mtoto kakaa na daftari lake anatazama viduara vinazunguka. Inauma, hela hii tumeidunduliza. Nifanyeje?

Fundi wa Mtaa: Pole dada. Windows 11 Home hutaka intaneti na akaunti tangu mwanzo. Ukishaingia, fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, bofya jina la hotspoti yako, washa Metered connection. Masasisho mengi hayatajipakua tena yenyewe. Ila usiyatupe kabisa, ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

Babu K: Nyongeza: Windows Update inaweza kusitishwa hadi wiki 5. Ukipata ndugu mwenye waifai ya mwezi, beba CPU (lile boksi la kompyuta) peke yake, skrini tumia hata TV yake yenye HDMI. Iache ipakue usiku kucha.

Mama Wawili: Asanteni sana. Hiyo Metered nimeiwasha. Kaka yangu Kihonda ana waifai, Jumamosi tunaipeleka kwa bajaji. Je, niifunge na mto isitikisike?

Fundi wa Mtaa: Ipakate, dada. Usiilaze sakafuni.